Mstari wa Chumvi Golini

Jumapili, 9 Machi

Bao la pili nililiona mimi kabla halijaingia. Krosi ilitoka upande wa kushoto, ikaja taratibu, hata nguvu haikuwa nayo, na Dena kasimama tu. Hakuruka. Hakunyoosha mkono. Mpira ulipogonga wavu ndipo akageuka, kama mtu aliyeitwa jina na hajui nani kamwita.

Uwanja mzima ulishika kichwa. Jimmy, mfungaji wetu, akamkemea, "Dena! Walala?" Dena akacheka, akasema jua limempiga machoni.

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Tumetoka mbili kwa mbili na timu ya mkiani. Bado Chumvi Stars tunaongoza ligi, lakini Mtwapa wako nyuma yetu kidogo tu na mechi zimebaki tisa. Mimi sikusema kitu. Mimi ni golikipa wa pili, na kazi ya golikipa wa pili ni kukaa benchi kumtazama golikipa wa kwanza. Nimemtazama Dena mwaka mzima kuliko mkewe, Linet, anavyomtazama. Najua mguu anaotanguliza. Najua anavyomeza mate kabla ya kona. Leo si jua.

Kocha Farjallah alitugawia daftari kila mchezaji, tuandike tumelala saa ngapi na tumekula nini. Mimi shule niliishia darasa la tano lakini kuandika naweza. Nimelala saa tatu. Nimekula wali na mbaazi. Nafasi ni nyingi, nimeandika na haya.

Jumatatu, 10 Machi

Kukwangua chumvi toka alfajiri. Jioni mazoezi. Nimekula ugali na dagaa.

Jumatano, 12 Machi

Kwa Janet, pale getini pa kampuni ya chumvi, anapouza chai. Dena kashika birika kujimiminia, chai yote ikamwagika kando ya kikombe. Janet akasema, "Baba, kikombe kiko hapa. Huko unakomimina ni Somalia."

Watu wakacheka. Dena pia alicheka. Mkono wake ulikuwa unatafuta kikombe kwa vidole.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimemjaribu. Tulikuwa tunatoka mabwawani na matoroli, nikapita upande wake wa kushoto, nikainua mkono karibu na sikio lake. Hakupepesa. Nikamwita, "Dena." Akashtuka karibu aangushe toroli.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hilo jicho."

Akatazama nyuma kama kuna mtu. Akaniambia, "Wakumbuka Ngomeni?" Nakumbuka. Mwezi wa pili, aliruka akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli, akainuka, akamaliza mechi, tukamshangilia. "Siku ile niliona vimulimuli. Nikadhani vitaisha. Sasa ni kama pazia, Ngumbao. Lashuka kidogo kidogo toka huku."

"Twende hospitali."

"Nikienda hospitali Kocha atajua. Kocha akijua nakaa benchi. Nikikaa benchi siandikwi kazi. Na Linet ana mimba ya miezi sita."

Hilo ni kweli. Kampuni imesema tukipanda daraja, wachezaji kumi na mmoja waliocheza zaidi wataandikwa kazi ya kudumu. Sasa hivi sote ni vibarua. Mvua ikinyesha hakuna chumvi, na chumvi ikikosekana hata jina lako hawalijui.

"Ukisema umenizika," akaniambia. "Apa."

Nikaapa. Dena ndiye aliyenileta kwenye timu, na glavu ninazovaa ni zake za zamani. Lakini niandike kweli: aliposema haoni, moyo wangu uliruka kidogo. Yeye akitoka, naingia mimi. Njia nzima nilitembea nyuma yake kwa haya.

Jumapili, 16 Machi

Moja bila. Zayd, beki wetu wa kushoto, aliondoa kila kitu na yeye kafunga Ramadhani. Baada ya mechi akalala chini. "Wallahi leo sikuona kazi ya golikipa," akasema. "Niliona kazi ya maji tu, na adhana bado."

Jumanne, 18 Machi

Tumepatana na Dena. Nitakuwa napasha mwili nyuma ya goli lake. Mpira ukija kushoto juu, kofi moja. Kushoto chini, mawili.

Jumapili, 23 Machi

Mbili bila. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kocha akasema, "Ngumbao leo umechangamka, mashallah." Sijawahi kusifiwa kwa kitu nikiwa nje ya uwanja.

Jumapili, 30 Machi

Tatu moja. Makofi. Dena aliokoa penalti, ililenga kulia.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zayd katualika kwao Malindi. Pilau mpaka mkanda ukalegezwa. Mamake, Bi Mahfudha, akamuuliza, "Mbona mwana huyu hasemi?" Zayd akamjibu, "Huyu hasemi, mama. Huyu atazama." Nilikuwa namwona Zayd mwenye maringo, mtu wa mjini. Kumbe na yeye ananitazama.

Jumapili, 6 Aprili

Tumefungwa tatu moja ugenini. Dakika ya kumi msaidizi wa refa alinijia na kibendera chake: "Wewe wa makofi, rudi benchi. Si harusi hii." Nikarudi. Mabao yote matatu yalipita kushoto.

Kurudi nyumbani hakuna aliyeimba. Mangi, meneja wetu, alikaa mbele, mara akasema bila kugeuka, "Huu si mpira. Kuna mtu katufunga."

Jumanne, 8 Aprili

Timu yetu ina kamati ya ufundi. Mwenyekiti ni Mangi. Wanaosikia wadhani ni watu wa kupanga mbinu za kucheza. Ni watu wa kwenda kwa mganga.

Jana walikwenda, yeye na Jimmy, huko ndani ya Magarini. Leo kabla ya mazoezi Mangi katukalisha chini akatoa majibu: "Golini mna mkono wa mtu wa nyumbani. Na huyo mtu avaa glavu."

Timu nzima ina jozi mbili za glavu.

Hakuna aliyenitazama waziwazi. Waliangalia viatu vyangu. Dena alikuwa kakaa pale pale, kasikia kila neno. Akainama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mawingu yamejaa upande wa bahari. Mvua imeanza jana, chokaa yote ya uwanja imekwenda na maji.

Dena kaniambia kitu anachokiona bado kwa lile jicho ni cheupe. Mabwawani hapotei, huona kingo za chumvi. Nimefikiri. Golini akiwa na mstari mweupe, utoke nguzo ya kushoto uje mbele hatua tano, atajua pa kusimama na ageuke kiasi gani. Chokaa haipo. Chumvi ipo, hapa kwetu chumvi ni kama mchanga.

Kesho nitadamka.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilifika uwanjani watu hawajaamka, na kopo la chumvi nimelikumbatia. Nikapiga magoti pale kwenye nguzo ya kushoto, nikaimwaga polepole, mstari umenyooka, nikaurudia mara ya pili uwe mnene. Nilikuwa nimefurahi. Niliona nimepata akili kuliko watu wote wa hapa Marereni.

Nainua kichwa, Jimmy huyu hapa kasimama. Kavaa kaptula, miguu mitupu, na mkononi ana yai. Kamati ilikuwa imemtuma azike yai kwenye goli la wageni. Yeye na yai, mimi na chumvi. Tukatazamana.

"Wafanya nini, Ngumbao?"

"Hakuna kitu."

"Chumvi golini alfajiri, na wasema hakuna kitu?"

Ningemuuliza na yai je? Lakini yai ni la timu, watu wote wanalijua. Chumvi ni yangu peke yangu. Akaanza kupiga kelele, akimwita Mangi kwa jina la mamake. Walinzi wa kampuni wakaja. Watu wa msikitini wakaja. Mangi alikuja na kanga ya mkewe kiunoni.

Hakuna aliyenipiga. Nilisimama ndani ya goli na wao wamenizunguka. Mangi alikuwa ananena pole pole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta. "Kijana, tuambie. Chumvi hii waifunga timu, ama wamfunga Dena?"

Zayd akapenya mbele. Yeye hakukasirika. "Nduyangu, mimi nakuuliza kwa wema. Chumvi hii ni ya nini? Sema neno moja tu, nami nitasimama na wewe."

Neno moja nilikuwa nalo. Dena alikuwa keshafika. Alisimama karibu na nguzo ile nyingine, na nikamtazama, nikamtazama sana, ili aseme yeye. Akageuza kichwa. Polepole. Akakigeuza mpaka mimi nikawa upande wake wa giza.

Nikasema, "Sina la kusema."

Jimmy aliupiga teke mstari wote. Mechi tulitoka moja moja. Mimi niliwekwa nje ya ua, sikuruhusiwa kukaa benchi.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna aliyenipa mkono. Janet kanipa chai kwenye kikombe cha plastiki, peke yangu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, hakuna mechi. Kocha kaniita chini ya jukwaa. "Shikamoo, Kocha." "Marahaba. Mimi mambo hayo siyaamini, Ngumbao, lakini timu yaamini, nami nafundisha timu. Utabaki kwenye orodha. Uwanjani sikuingizi." Halafu akauliza, "Umelelewa na nani?"

Nikasema na hawe, bibi yangu, huko Vitengeni. Nilipokwisha kusema nikajua nimekosa. Mangi alikuwa kakaa juu yetu.

Hawe anaitwa Kahonzi. Mwenye mtoto anayeumwa tumbo humpeleka kwake, apewe majani ya kuchemsha. Macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni, na kichwa chote ni cheupe. Kwetu mvi zinatosha mtu kuitwa mchawi. Wazee wawili nawajua kwa majina waliouawa kwa mvi tu, na mmoja aliuawa na wanawe.

Jumapili, 27 Aprili

Mbili bila, kwenye tope. Mpira hauruki kwenye tope.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Hakuna chumvi, hakuna kazi.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Tumefungwa mbili. Zote kushoto. Mtwapa wametupita pointi moja.

Mangi katangaza mbele ya wote: Jumamosi nitakula kiraho, kile kiapo cha papai. Mganga atalitia dawa, nitakula mbele ya watu. Kama ni mimi, mdomo utavimba na papai halitashuka. Watu wakasema haya. Nami nikasema haya.

Jumatano, 7 Mei

Nilimngoja Dena kwenye stoo ya matoroli. Nimemchukia wiki tatu. Nilikuwa na maneno nimeyapanga.

Akaniwahi yeye. "Kula papai, Ngumbao. Wewe huna kosa, halitakudhuru."

"Na wewe wala nini?"

Akakaa juu ya toroli lililopinduliwa, akalia. Anatoa machozi macho yote mawili, hata lile lisiloona. Akasema kila siku alfajiri anataka kumwambia Kocha, anatoka mpaka mlangoni, anamsikia Linet anakohoa kitandani, anarudi. "Mimi si mtu mbaya," akasema. Kweli si mbaya. Nimemtazama mwaka mzima, ningeona. Ni mwoga, na mimi nilikuwa sijui kwamba mtu anayejirusha kwenye miguu ya watu aweza kuwa mwoga.

Pazia limefika katikati ya jicho.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekula.

Papai lilikuwa bivu, lina uchungu wa hiyo dawa. Watu kama mia. Mganga alinena juu ya kichwa changu kwa Kigiriama cha zamani, akanilisha kwa mkono wake. Nilitafuna, nikameza. Tukangoja. Janet alikuwa anahesabu kwa midomo. Mdomo haukuvimba. Nikaambiwa nifungue kinywa, nikafungua. Hakuna kitu. Zayd akapiga takbiri, akanikumbatia mbele ya wote.

Nilidhani yamekwisha. Kwa muda wa kunywa maji nilikuwa mtu tena.

Ndipo Mangi akamwinamia mganga wakanong'ona, akainuka akasema, "Basi kijana ni safi. Mkono ni wake, lakini si yeye. Ana mtu anayemtuma, naye hajijui." Akanitazama kwa huruma, huyo Mangi. "Si ulisema ulilelewa na bibi?"

Papai lilinisafisha mimi, likaenda kumkamata hawe.

Jumapili, 11 Mei

Moja bila. Mtwapa wametoka sare. Jumapili ijayo wanakuja hapa, saa kumi. Atakayeshinda anapanda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia hawe kwa simu ya jirani yake, yake haina moto. Nikamwambia aende kwa shangazi Kilifi siku chache.

"Na mbuzi nimwachie nani?"

"Hawe, watu wananena."

"Watu wananena toka sijaolewa. Wewe wala vizuri huko? Sauti yako nyembamba."

Nikamwambia wazi, wanasema wewe ni mchawi. Akasema, "Hao wanaosema, ni wana wa nani?" Alitaka majina ya wazazi wao, apate kujua ni watu wa mlango gani, wa ukoo gani. Simu ikakatika.

Nimempigia na chifu. Yuko mazishini, atatuma mtu.

Jumapili, 18 Mei

Saa nne asubuhi. Mvua imekatika usiku, uwanja utakauka.

Dena alikuja chumbani kwangu toka saa tatu, kavaa jezi tayari, kashika glavu. Akakaa kitandani. Akasema, "Leo nimeamka sikuuona uso wa Linet mpaka nigeuke kabisa. Siwezi, Ngumbao. Namwambia Kocha naumwa tumbo. Ingia wewe."

Mwaka mzima nimengoja maneno hayo. Nilinyoosha mkono nikazipokea glavu. Zilikuwa za moto kwa mkono wake.

Hatujamaliza, Zayd huyu mlangoni, hata hodi hakupiga. "Yakhe, inuka. Vijana sita wametoka na pikipiki tatu. Janet kawasikia wakitia petroli. Waenda Vitengeni kumchukua bibi yako, waje naye alifungue goli kabla ya saa kumi."

"Wametoka saa ngapi?"

"Yapata nusu saa."

Jirani wa hawe hashiki simu. Chifu kashika, kasema mtu wake ameshatumwa, lakini ametoka Ganze kwa miguu. Polisi wakasema watalishughulikia.

Nikamgeukia Dena. Mimi si mtu wa maneno, lakini nilinena, na nilinena mengi kuliko yote niliyonena toka nije Marereni. Nilimwambia: mimi hawataniamini. Nimekula papai na halikutosha. Nikifika kule peke yangu nitakuwa mjukuu wa mchawi aliyekuja kumtetea mchawi. Watakuamini wewe, kwa sababu ni wewe wanayesema umefungwa. Usimame mbele yao uwaambie ni nguzo ya Ngomeni.

"Nguzo gani?" Zayd akauliza. "Mwasema nini nyinyi?"

Dena kakaa na mikono mitupu. Nilidhani atageuza kichwa tena. Akakigeuza, ndiyo, lakini alikuwa anatafuta Zayd yuko wapi, mpaka akampata.

"Sioni, Zayd. Jicho hili. Toka mwezi wa pili. Ile chumvi aliniwekea mimi nione goli."

Zayd akasema, "Subhanallah. Na ukamwacha ale papai?"

"Nikamwacha."

"Inuka basi," Zayd akasema. "Inuka, kabla sijakupiga." Akatoa ufunguo wa pikipiki yake mfukoni, akanirushia mimi.

Dena akauliza jambo moja tu. "Na golini?" Timu ina makipa wawili, na wote wawili tuko hapa. Kocha atamweka Jimmy, na Mtwapa watakuja na ngoma zao, na tusipopanda hakuna atakayeandikwa, si mimi, si Dena, si Zayd mwenyewe aliyetoa ufunguo. Linet yuko mlangoni, kashika tumbo, kasikia yote. Hakusema usiende. Alimvua Dena jezi, akampa shati.

Glavu nimeziweka juu ya kitanda. Naandika haya Zayd akimimina petroli kwa chupa, kwa haraka, atakayesoma anisamehe herufi. Dena keshapanda nyuma. Anarudia kwa sauti ndogo maneno atakayosema, na kila mara anaanzia Ngomeni.

Zayd kapiga honi kuniharakisha, yeye atabaki kucheza. Natoka sasa, wale wametutangulia karibu saa nzima, na hawe si mtu wa kumfungia mgeni mlango.